Mdomo wa Kuazima

Wafula rafiki yangu,

Watu wa Kitale wanasema nina sauti yako. Wananisimamisha sokoni, hasa wale waliokuwa wakija maktaba siku ukiwa mwandishi mgeni. Wananishika mkono na kusema, "Madam, hebu ongea kidogo tumkumbuke marehemu." Wewe ambaye hukuwahi kusikia sauti yangu hata siku moja ungecheka mpaka ushike mbavu. Mimi sicheki tena.

Nakuandikia kwa sababu hatukuwahi kupigiana simu. Ilikuwa meseji, karatasi au mikono. Nimekaa jikoni, mume wangu Kamau ameenda kugeuza mahindi tuliyoanika, nikaona bora nikwambie yaliyotokea tangu tukuzike. Kama kuna mtu anapaswa kujua, ni wewe. Wewe ndiye uliniweka humu ndani.

Nianze na mazishi. Uwanja wa kwenu Misikhu ulijaa. Viziwi wenzako walikuja wengi, wakakaa upande mmoja karibu na mke wako Chemutai, na mimi nikasimama mbele yao tangu asubuhi. Pasta aliongea, nikatafsiri. Chifu akaongea, wajomba wakaongea, hata yule binamu yako mlevi aliongea ati mlikuwa mkilisha ng'ombe pamoja, yote nikayatia kwenye mikono. Jeneza likishuka pasta alikuwa bado anaomba. Nilitaka kufunika uso nilie. Lakini ningefunika uso, Chemutai angebaki bila neno hata moja la mazishi ya bwana yake. Kwa hivyo sikulia. Mikono yangu ilikuwa kazini. Watu walipotawanyika nikajaribu, machozi yakakataa kutoka.

Na wewe unakumbuka ulivyoanza? Ulikuja maktaba ya Kitale na vitabu vyako kwenye juala la plastiki. Mkutubi alidhani ni mtu wa kuuza kalamu. Mimi nilikuwa nimeenda kurudisha vitabu vya watoto, na alijua ninajua ishara kwa sababu ya dada yangu kiziwi, basi akaniita. Uliniangalia juu mpaka chini, kama mtu anayenunua mbuzi, kisha ukaandika nyuma ya karatasi ya tangazo: "Nataka kusema na watu. Naomba mdomo wa kuazima. Nitarudisha."

Hujarudisha, Wafula.

Nilikufuata Kitale, Bungoma, Webuye. Wewe umesimama mbele na mikono yako mirefu, mimi nimekaa kando na maikrofoni. Kazi yetu wakalimani ina sheria moja ngumu: ukisema "mimi", siwezi kusema "yeye anasema". Nasema "mimi". Kwa hivyo miaka yote ile nilisimulia mbele za watu kwamba mimi nilizaliwa kiziwi Misikhu, mimi ni mwanamume, mimi nilimtongoza msichana wa Kapsokwony kwa kuandika jina lake kwenye vumbi la tangi la pikipiki. Wazee walicheka kwanza. Baadaye wakanisahau kabisa, na nikafurahi, kwa maana mkalimani akisahauliwa kazi imeenda vizuri.

Na kila mahali walitaka ile ya posho. "Hebu ile ya posho!" Vile ulivyokuwa mtoto ukatoroka kila siku kwenda kusimama pale posho, kwa mashine ya kusaga mahindi, kwa sababu mashine ikinguruma sakafu inatetemeka, na mtetemo unapanda miguuni mpaka kwa meno. Ukadhani watu wakisema "sauti" wanamaanisha hiyo. Ukawaonea huruma wale wote waliokaa nyumbani bila sauti. Hapo ukumbi ulikuwa ukilipuka.

Mama yako aliisikia mara ya kwanza pale Bungoma. Alikuwa amekaa nyuma na leso yake. Wewe hukujua alichosema baadaye, kwa sababu aliniambia mimi nje, tukingoja chai. Alisema alikuwa akikuchapa kwa kwenda posho. Alidhani ni utundu. Uliporudi kutoka shule ya viziwi ulikuwa na lugha yeye hana, na pale nyumbani mlibaki na zile ishara zenu chache, njoo, kula, maji, ng'ombe. Akaniambia, "Kumbe huyu mtoto alikuwa na maneno mengi hivi?" Halafu akanishika shavu, hapa karibu na mdomo. Tangu siku hiyo hakukosa kikao hata kimoja. Mimi nilidhani anakuja kukuona. Sikuelewa kwamba kwa mama yako, wewe ulianza kuongea siku mimi nilipofungua mdomo.

Basi ukafa. Na Jumapili iliyofuata mazishi, watu wakitoka kanisani, simu yangu ikalia.

"Wanjilu," akasema mama yako, vile anavyolitamka Wanjiru. "Nipatie mtoto wangu kidogo."

Ningefanya nini? Nikamsimulia ya posho. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akakata. Jumapili ya pili tena. Ya tatu tena. Kamau alikuwa akiona simu inalia anatoka nje na kikombe chake. Siku moja akaniambia, "Hata ukinipakulia chakula siku hizi, naskia ni yule rafiki yako ananiambia karibu." Hakusema kwa wivu. Alisema kama mtu aliyepotelewa na kitu ndani ya nyumba yake.

Na maktaba nazo zikaanza. Mkutubi wa Kitale alikuwa ameshakuweka kwenye ratiba kabla uugue. Akasema, "Kuja tu wewe. Watu wanakujua. Sauti si ni ile ile?" Nikaenda. Nikasema "mimi nilizaliwa kiziwi", na wewe hukuwa pale mbele, palikuwa na kiti tu. Watu walipiga makofi na kulia. Nilitamani mtu mmoja asimame aseme, mama, hebu kaa chini, wewe si yeye. Hakuna aliyesimama. Kila nilipokataa mwaliko niliambiwa, "Unataka Wafula anyamaze?" Nikawa naenda.

Halafu mama akaanza kuuliza maswali. Si kuniuliza mimi. Kukuuliza wewe. Jumapili moja akasema, "Mwanangu, pale hospitali ulisikia uchungu?" Nilisimama na simu sikioni, nikasikia anavyopumua, anangoja. Na mdomo huu ukasema, "Hapana, Mama. Sikusikia uchungu. Nililala tu."

Alishukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilikaa chini sakafuni. Wafula, mimi sijui kama ulisikia uchungu.

Baada ya hapo sikuwa na njia ya kutoka. Nilishajibu mara moja, nitakataaje ya pili? Akauliza kama ulimsamehe kwa zile fimbo. Nikajibu. Akauliza kama ng'ombe mweupe auzwe. Nikasema mtandao ni mbaya.

Ndipo ikaja siku ya kukukumbuka, maktaba ya Bungoma. Niliwaambia watafute mkalimani mwingine, kwa sababu mimi nitakuwa naongea. Yule kijana wa mapokezi akashangaa, "Lakini mkalimani si ndiye wewe?" Basi Chemutai akakaa mstari wa mbele na viziwi wenzenu, na hakuna mtu wa kuwaambia kitu. Mimi nilikuwa na maikrofoni mkono mmoja na kitabu chako mwingine. Nikasimulia habari za mume wake mbele yake, na yeye aliona midomo yangu tu ikicheza. Watu wakacheka, akageuka kuwaangalia. Wakanyamaza, akageuka tena. Nilimwona. Niliendelea.

Wakati wa maswali mama yako akasimama. Alikuwa amevaa ile nguo yake ya kanisa. Unajua ndugu zako wamekuwa wakinong'ona kwamba Chemutai arudi kwao Kapsokwony, nyumba ibaki ya boma. Mimi sikujua mama amechoka na vita hivyo. Alishika kiti cha mbele yake, akaniangalia mimi, akasema mbele ya watu wote:

"Wafula mwanangu, sasa tuambie. Unataka huyu bibi yako akae hapa, ama aende kwao? Sema wewe. Ukisema wewe, hawa watanyamaza."

Ukumbi wote uligeuka kumtazama Chemutai. Naye akaona macho yote yanamjia bila kujua kwa nini. Akainua mikono akaniuliza, "Wanasema nini?"

Ilikuwa rahisi sana, Wafula. Hiyo ndiyo inanitisha mpaka leo. Neno moja tu, "akae", na ingekuwa imekwisha, na wote wangeamini, na pengine ndivyo ungesema. Lakini leo ningesema akae, na kesho mtu mwingine angekuja na swali lingine, na mdomo ni huu huu. Chemutai angeishi kwenye nyumba yake kwa ruhusa yangu mimi.

Nikaweka kitabu mezani. Nikaweka maikrofoni. Nikamwambia Chemutai kwa mikono neno kwa neno alichouliza mama mkwe wake, na kwamba hakuulizwa yeye, umeulizwa wewe.

Alisimama polepole. Unamjua akikasirika, mikono yake inakuwa midogo, anaongea karibu na kifua. Akaniambia kwanza mimi, "Sema vile vile. Usipunguze." Nikachukua maikrofoni na kusema:

"Mimi naitwa Chemutai. Nimekaa hapa mbele siku zote, hakuna mtu amewahi kuniuliza kitu. Mama, Wafula amekufa. Mimi niko hai. Kama unataka kujua nitakaa ama nitaenda, si uniulize mimi? Watoto wangu wamezaliwa Misikhu. Nataka kukaa."

Mama yako alikuwa ananiangalia mimi bado. Akasema, kwa mshangao kabisa, "Lakini hiyo ni sauti ya mtoto wangu."

Hapo nikafanya kitu tunachofundishwa na nilichokisahau. Niliondoka mahali pangu, nikaenda kusimama nyuma ya Chemutai, ili mtu akitafuta sauti inatoka wapi akutane na uso wake. Mama akaangalia ule uso. Sijui kama aliwahi kuuangalia muda mrefu hivyo.

"Kaa basi," akasema. "Nani amekufukuza? Kaa."

Nikazunguka mbele ya Chemutai, nikatafsiri. Ndugu zako walikuwa pale mlangoni, na walisikia. Chemutai bado yuko kwenye nyumba yake.

Usidhani nilifurahi. Jumapili iliyofuata mama alipiga, "Nipatie mtoto wangu," nami nikamwambia, "Mama, huyu ni Wanjiru. Wafula siwezi kukupatia. Na yale ya uchungu, niliyasema mimi. Sijui kama alisikia uchungu." Nikasikia kuku nyuma yake. Akakata. Jumapili zilizofuata simu haikulia, na mimi niliyekuwa nikiomba isilie nilikaa nikiitazama. Nilikuwa nimemuua mtoto wake mara ya pili, na safari hii bila ugonjwa.

Kitale wakaniita tena, wakataka ya posho. Nikaamua nitasema ukweli. Nikaanza, "Yeye alizaliwa…" Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Sema kama yeye, bana!" Nikarudia, "Alizaliwa Misikhu." Herufi chache tu zimebadilika, Wafula, na ukawa umekufa ndani ya mdomo wangu. Hapo machozi yakaja, yale ya mazishi, yote, mbele ya watu na mkutubi amesimama na glasi ya maji. Hakuna aliyehitaji mikono yangu, nikafunika uso nikalia kama mtoto. Chemutai, niliyekuwa nimekuja naye, alipanda akamalizia hadithi kwa ishara. Hakuna aliyemtafsiria. Wenye masikio walikaa kimya wakitazama mikono yake, na viziwi wakacheka pale pa kuchekea.

Sasa maktaba zinamwita yeye. Ana hadithi zake, nyingine zinakusema vibaya, jiandae. Mimi nakaa kando na kusema "mimi" kwa niaba yake. Kwa hivyo sijatoka, nimehama chumba tu. Juzi Kamau aliniuliza nafikiria nini, nikafungua mdomo kumjibu na nikakuta nangoja mtu aanze kuniambia kwa mikono. Sijui nitafanyaje. Nakwambia tu.

Lakini jana mama yako alipiga, siku ambayo si Jumapili. Hakukuuliza wewe. Aliniuliza mimi kama mahindi yangu yamekauka, nikasema bado, akasema hata yao bado. Kisha akasema amezeeka, mikono imekakamaa, hawezi kujifunza hizo ishara zote. Anataka moja tu. Nikamuuliza ipi.

"Ya kumuaga," akasema. "Siku ile ya mazishi nilimuaga kwa mdomo, Wanjilu. Kwa mdomo. Na yeye alikuwa kiziwi."

Nitashuka Misikhu wiki ijayo, na Chemutai atakuwepo. Hii ndiyo ahadi yangu kwako: sitasema tena neno ambalo hukusema, hata nikiombwa kwa magoti. Nami nitamfundisha mama yako mpaka mikono ishike. Halafu atatembea peke yake mpaka kaburini kwako, sisi tubaki mlangoni. Tafadhali mwangalie vizuri. Ataikosea kidogo.

Kwaheri, Wafula.

Ni mimi,
Wanjiru