Siku Mama Lusia Aliposema kwa Lugha Yake

Acocks Green, Birmingham

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye shikamoo yake, msomee hapo alipo. Goti linaendeleaje? Dada Imelda ameniambia sasa unakwenda kanisani na kurudi bila kupumzika njiani. Nilifurahi, ila nakujua, huenda umemkataza asinipe habari mbaya. Na presha ya Mama? Dawa anakunywa, au bado anazificha kwenye kopo la sukari? Sisi huku wazima. Wajukuu zako wanakusalimu. Kiswahili wanakielewa chote, ila kujibu wanajibu kwa Kiingereza, nimegombana nao mpaka nimechoka.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu husikii vizuri, na mimi nikisimulia nakimbia. Jambo hili nataka ulipate lote. Wewe umeongoza mikutano ya kitongoji miaka mingi, utaelewa kwa nini wiki kadhaa sasa napiga deki huku nimeduwaa.

Nilishakutajia rafiki yangu wa kazini, Marisol, tunayefanya naye usafi kwenye jengo la ofisi. Kwao ni Bolivia, Amerika ya Kusini, nchi ya milima mirefu. Alianzia Hispania, akaishi kule miaka, ndipo akaja hapa na mumewe na binti yao. Mimi namwita Mama Lusia, kwa jina la huyo binti, na yeye amelipenda. Lugha yake ni Kihispania. Kiingereza chake ni cha kuombea maji, kwa hiyo tangu wafike hapa Lusia ndiye aliyekuwa anawasemea: shuleni, benki, kwa mwenye nyumba, hospitali. Ana miaka kumi na mmoja.

Mwaka jana Mama Lusia alipapasa uvimbe kwenye titi. Akapimwa. Siku ya kwenda kusikiliza majibu, mkalimani waliyepewa kwa simu alikuwa anajua Kireno, si Kihispania. Daktari alikuwa na foleni ndefu. Akamtazama mtoto, akamwambia yeye. Alisema uvimbe ni mbaya, na mama arudi haraka aanze matibabu.

Mama akauliza, "Anasemaje?"

Lusia akamwambia, "Anasema si kitu, mama. Ni mafuta tu."

Wakarudi nyumbani. Mama Lusia akapika, akashukuru Mungu.

Mimi hayo sikuyajua. Miezi ikapita. Asubuhi moja tukiwa kazini nikamwona anashika ndoo kwa mkono mmoja, ule mwingine ameubana ubavuni. Nikamuuliza una nini. "Mafuta," akasema, "daktari amesema mafuta." Sikuridhika, Baba. Hospitali za huku hazimwachi mtu hivyo, zinaandika barua hadi uchoke. Jumamosi nikaenda kwao. Nikauliza kama kuna barua yoyote imekuja. Mama akasema hakuna. Lusia akanyanyuka bila kuambiwa, akaleta begi lake la shule. Chini kabisa, chini ya madaftari, zilikuwepo tatu, zimekunjwa vizuri kama nguo za kwenda kanisani.

Nilizisoma pale mezani. Nikamtazama mtoto, naye akanijibu kwa Kiingereza, polepole, kama mtu aliyelikariri neno hilo siku nyingi:

"Nilidhani nisipolisema, halitakuwa kweli."

Nikamweleza mama yake kwa maneno machache ya Kihispania niliyonayo na kwa mikono. Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga. Alipiga magoti akamkumbatia mwanawe, wakakaa vile chini, na mimi nikawa nimesimama na barua za watu mkononi sijui niziweke wapi.

Jumatatu nikapiga simu hospitali, nikang'ang'ana. Wakampokea. Titi limeondolewa, dawa kali zimemnyoa nywele zote, lakini madaktari wanasema sasa hawauoni tena ule ugonjwa. Bado anakwenda kupimwa. Wamesema pia kwamba angewahi, wasingemkata sana. Hilo hakuna anayelirudia mbele ya mtoto.

Sasa sikiliza. Kule Shard End, mtaa mwingine wa jiji hili hili, kwenye ukumbi wa kanisa, hukutana watu wanaosema Kihispania, wa Bolivia, Kolombia, Ekuado. Kuna mama mmoja pale, mwalimu mstaafu, jina lake Elvira, anawasaidia wenzake kujaza fomu na kuandika barua. Alipoisikia habari hii alisema si ya nyumba moja. Akanionyesha fomu ya jiji, pale wanapouliza wewe ni mtu wa asili gani. Wako Waafrika, wako Wahindi, wako Wachina. Watu wa Amerika ya Kusini hawamo. Wanaweka alama kwenye "wengineo". Akaniambia, "Wasipotuona kwenye karatasi, watajuaje kwamba tunahitaji mkalimani?" Wakaandika barua kwa halmashauri ya jiji na kwa wakuu wa hospitali, wakaomba waje wawasikilize.

Mimi moyoni nilicheka. Nikasema wakubwa gani watakuja Shard End kuwasikiliza wapiga deki?

Baba, walikuja. Jumamosi mchana, alikuja diwani na daftari lake, na mama mmoja mkubwa wa hospitali, wakakaa kwenye viti vilevile vya plastiki tulivyokalia sisi. Elvira akafungua mkutano, kisha akamwita Mama Lusia. Lusia naye akainuka kwa mazoea, akaenda kusimama ubavuni mwa mama yake ili atafsiri.

Mama Lusia akamshika bega. "Kaa, mwanangu. Leo wewe ni mtoto."

Akasimama mkalimani wa kulipwa, mwanaume wa makamo mwenye tai. Mama Lusia akashika maiki akaanza kusema kwa Kihispania, na hapo ndipo nilipoduwaa. Miaka mitatu nafanya naye kazi, nilikuwa simjui! Kwa Kiingereza ni mtu wa maneno matano, anatabasamu, anainamisha kichwa. Kwa lugha yake alikuwa mtu mwingine, mrefu. Sauti ilitoka tumboni. Aliwachekesha watu, akawanyamazisha, akawaliza, na diwani akawa anaandika hadi akasahau kugeuza ukurasa. Nikafikiri, kumbe siku zote hizi tunapishana humu mjini na watu wakubwa namna hii, wamefungiwa ndani ya midomo yao. Nikafikiri na mimi wananionaje.

Mwishoni alisema, "Sikuja kumshtaki daktari. Nimekuja kuwaambia kwamba binti yangu alibeba kifo changu kwenye begi la shule, peke yake, miezi mitano."

Mkalimani alipofika hapo alilegeza tai. Akaomba radhi, akaanza upya.

Yule mama wa hospitali akaweka kalamu chini. Akaomba ruhusa azungumze na mtoto. Akaja hadi alipokaa Lusia, akachuchumaa na suti yake pale sakafuni, akasema, "Ile kazi haikuwa yako. Ilikuwa yetu, na hatukuifanya. Naomba unisamehe."

Lusia akamtazama. Akauliza, "Kwa hiyo sasa naweza kuacha?"

"Unaweza kuacha."

Ndipo mtoto akalia, ukumbi mzima nao.

Sijawahi kuona mwenye cheo akichuchumaa mbele ya mtoto, Baba, kwetu wala huku. Na hayakuwa maneno ya mkutanoni tu. Barua imekuja kwa Elvira: mtoto haruhusiwi tena kutafsiri hospitalini hapo, na Kihispania kitakuwa na wakalimani wake. Ile fomu ya jiji bado. Diwani amesema anaifuatilia, na Elvira amesema na yeye anamfuatilia diwani.

Kabla ya kufunga, diwani aliuliza kama ipo lugha nyingine isiyosikika. Mkono wangu ulikuwa juu kabla sijaamua. Nikataja Kiswahili. Nikawaeleza habari za bibi mmoja Mkongo wa mtaa wa Alum Rock anayekwenda kliniki na mjukuu wake. Wakaandika jina langu, na juzi wameniita nijifunze ukalimani. Naanza mwezi ujao.

Nina ombi, Baba. Wewe ndiye uliyekuwa unatumwa kwenye nyumba za watu kupeleka habari nzito. Niandikie ulikuwa unaanzaje. Neno la kwanza unasema nini, unakaa au unasimama, unamtazama usoni au unatazama pembeni? Hapa watanifundisha kwa Kiingereza, ila yule nitakayekuwa namwambia atanisikiliza kwa Kiswahili.

Nisalimie Dada Imelda na shemeji, baba mdogo na mashine yake ya kusaga, shangazi wa Ifakara akija, na katekista aliyenifundisha kusoma. Mwambie Mama asimeze dawa kwa chai.

Nawapenda. Mungu awatunze hadi nitakapowaona kwa macho.

Mwanao,
Sikitu