Damu kitovuni

Shoga, niko hospitali na mtoto. Nimefungua nepi ya mtoto nikakuta damu. Damu, shoga! Inatoka kitovuni na haikatiki.

Mama mkwe ananiambia, "Funga kitambaa, itakauka." Kitambaa kikalowa chapachapa. Nikambeba mbio hospitali, kandambili mguu mmoja.

Nesi akauliza, "Alipozaliwa alichomwa sindano ya vitamini K?" Nikamwambia hapana. Si unajua uchungu ulinishtukiza, nikajifungulia nyumbani? Alionekana mzima, sikumpeleka popote!

Akasema, "Watoto wote huzaliwa nayo kidogo mno. Bila hiyo damu haigandi."

Wamemchoma sasa hivi, damu imeanza kukata. Kichwani wamepiga picha, wakihofia damu imevujia ubongoni, ila hakujavuja. Nalia tu.

Na wewe na tumbo lako hilo, usithubutu kutoka wodini mtoto hajachomwa. Unanisikia?