Eti Nauhubiria Ukuta

We, mama yuko chumbani kwangu sasa hivi. Amekuja na mjomba.

Eti mama mwenye nyumba kanisikia kupitia dirishani, akampigia simu: "Binti yako amerukwa na akili, anauhubiria ukuta." Yaani ukuta.

Nikawaambia, udaktari nikiusoma kimya siambulii kitu. Nafunga kitabu, naeleza kwa sauti, na nikikwama ndipo najua sijui. Mjomba akasema, "Wenzako husoma kwa utulivu." Wenzangu wapi?

Nikawakalisha kitandani, nikaeleza damu inavyoingia moyoni, inavyopita mapafuni na kurudi. Sikukwama popote.

Mama akamuuliza mjomba, "Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi mwache asome."

Mwenye nyumba, aliyewafuata hadi huku, bado kasimama mlangoni, kanuna. Kesho naanza figo, na dirisha sifungi.