Dakika Ishirini za Kituo cha Reli

Tarehe 3 Machi

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta salama, wewe na Mama, na kwamba goti lake limeacha kumsumbua. Mimi mzima, ila kichwa kinaniwanga, na safari hii dawa unayo wewe. Ningekupigia simu, lakini tangu king'ora kilipokuharibia sikio tunaishia kupigiana kelele, kwa hiyo nakuandikia.

Unajua kwamba tangu mwaka jana tunafanya utafiti hapa idara ya dharura. Ipo sindano ya kusaidia damu igande. Majeruhi anayevuja damu akiipata mapema inaweza kumwokoa. Akicheleweshwa sana haimfai kitu. Tunataka kujua kama ichomwe ndani ya gari la wagonjwa, badala ya kungoja mpaka hospitali. Ili tujue watu wanapoteza muda gani njiani, tumekusanya vitabu vya safari kutoka vituo tisa vya magari ya wagonjwa, vya miaka kumi nyuma. Kimojawapo ni kituo cha reli, ulikoendesha gari mpaka ukastaafu.

Baba, nimekaa na vitabu vyako siku nne. Umebeba majeruhi mia mbili na kumi na wawili. Kwa kila mmoja wao, tangu simu ilipoingia mpaka ukafika hospitali, umeandika dakika ishirini. Mvua, ishirini. Jua, ishirini. Aliyeanguka nyuma ya kituo, ishirini. Aliyeangukiwa na jiwe kule machimboni, kilomita kumi na nane, naye ishirini. Muuguzi ninayefanya naye kazi ameuliza kama dereva huyu alikuwa na mabawa. Sikumwambia kwamba ni baba yangu.

Naomba unieleze.

Binti yako


Tarehe 12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Goti la mama yako linaendelea, na mdomo wake pia unaendelea: aliisoma barua yako kabla yangu, akacheka mpaka akakaa chini.

Mimi sikucheka. Nilidhani nimekusomesha udaktari, kumbe ulikwenda kusomea upelelezi. Miaka ishirini na mitatu nimeendesha gari lile, watu wakaniita Chapuchapu, wala hakuna aliyenilalamikia. Leo mtoto niliyembeba begani ananidai saa na dakika. Wewe unajua kuandika saa huku mtu anatapika damu nyuma yako? Kalamu niishike kwa meno?

Ishirini ni makadirio. Yaandike hivyo hivyo, uendelee na mambo mengine. Na huyo muuguzi mwambie mabawa sikuwa nayo, ila breki nilikuwa nazo, na mdomo wake ungefaidika nazo.

Baba yako


Tarehe 18 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Nashukuru kusikia mko salama. Mimi salama kiasi.

Makadirio hayafanani mara mia mbili na kumi na mbili. Hata mtu anayekisia hukisia tofauti siku akichoka.

Nikueleze kwa nini sinyamazi. Vituo vingine vinaonyesha jambo la wazi: anayefika mapema anapona zaidi. Ukija kwenye kituo chako, watu "wanafika kwa dakika ishirini" halafu wanakufa kama wale waliofika baada ya saa nzima. Kwa kuwa majeruhi wako ni wengi, vitabu vyako vinavuruga hesabu ya wote. Anayesoma jedwali langu atasema haraka haina faida. Na watu hao wapo, Baba. Wanakaa kwenye kamati, wanakutana tarehe 30 Mei, na wanangoja sababu ya kusema sindano isiwekwe kwenye magari.

Sikuulizi ili nikuaibishe. Nakuuliza ili nijue nifanye nini. Kama ulitunga, sema ulitunga.

Binti yako


Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

Natumai u mzima. Sisi tupo. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua mbili nimeziandika nikazichana, na mama yako amesema hii ya tatu nikiichana ataiandika yeye.

Nilitunga.

Mkuu wa kituo alikuwa na sheria yake. Safari ikizidi nusu saa, dereva anaandika barua ya kujieleza. Barua tatu kwa mwezi, unanyang'anywa usukani, unapelekwa kufagia bohari. Mwezi wa kwanza niliandika ukweli. Barua mbili zikatimia kabla ya tarehe kumi, ikabaki moja. Kosa langu lilikuwa nini? Geti la reli. Kituo na hospitali viko upande mmoja, nusu ya watu wanaishi upande wa pili. Treni za mizigo zilikuwa zikipanga mabehewa pale pale barabarani, na mlinzi wa geti, tuliyemwita Bwana Subiri, ukimpigia honi anakuonyesha kiganja. Nilimtukana mtu yule miaka kumi na miwili.

Basi nikaona njia nyepesi. Saa ya kufika hospitali siwezi kuichezea, kwa maana na wao wanaiandika. Lakini simu ya kituo ilikuwa mezani pangu, na saa ya simu kuingia naijua mimi peke yangu. Nikawa nafika, naangalia saa ya ukutani, narudi nyuma dakika ishirini, naandika hapo ndipo simu ilipoingia. Mkuu akafurahi. Akanipa cheti.

Sasa umeshajua. Safari ninazozikumbuka nitakuandikia saa zake za kweli, uzisahihishe.

Baba yako


Tarehe 15 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo. Nimekusoma. Ahsante kwa kusema.

Lakini usiniandikie saa unazozikumbuka. Kumbukumbu ya miaka sita au kumi si ushahidi, tena ya mtu aliyekwisha kutunga mara moja. Samahani, ndivyo watakavyosema, na mimi ningesema hivyo hivyo kama ungekuwa baba wa mtu mwingine. Nimemwambia kiongozi wa utafiti kila kitu, pamoja na kwamba wewe ni baba yangu. Amenitoa kwenye hesabu za kituo chako, amempa muuguzi. Kituo chako huenda tukakitupa chote.

Najua utakasirika. Na mimi nimekasirika. Ulikuwa unalalamika kila siku mezani kuhusu geti lile, sisi watoto tukalijua geti kabla hatujaliona. Kumbe mahali pekee ambapo malalamiko yako yangesikika, uliandika kwamba geti halipo. Nani angejenga daraja, nani angeweka gari upande wa pili, kama kitabu kinasema kila mtu anafika kwa dakika ishirini?

Msalimie Mama.

Binti yako


Tarehe 6 Mei

Mwanangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima na hasira zimepungua kidogo. Zangu hazijapungua, ila sasa nimejua nimkasirikie nani.

Nimekwenda kumtafuta Bwana Subiri. Amestaafu, anafuga kuku. Aliponiona getini kwake alinionyesha kiganja, nikasubiri. Nilistahili. Nilipomweleza shida yangu akaingia ndani, akatoka na madaftari manne yamefungwa kwa kamba.

Akaniambia, "Wewe ulidhani nakutazama tu? Kila gari la wagonjwa lililosimama pale niliandika limesimama saa ngapi na nimelifungulia saa ngapi. Niliogopa mtu akikata roho getini, watakuja kunikamata mimi."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Uliniuliza lini? Ulikuwa unanitukana."

Nimekaa nayo wiki mbili. Safari zangu sitini na moja zimo, tarehe na saa, kwa mwandiko wa mtu asiyenipenda. Nimeyatuma yote kwa muuguzi wako, sijagusa hata nukta. Nimeandika na maelezo ya jinsi nilivyokuwa nikifanya, nimeweka sahihi.

Lakini lipo jambo moja ambalo si la utafiti wako.

Miaka sita iliyopita nilimbeba mke wa fundi viatu, yule mwenye kibanda nyuma ya posta. Alikuwa amepanda ngazi kusafisha tangi la maji, huku anaongea na dada yake kwa simu. Akaanguka. Dada mtu akasikia kishindo, na simu yake ikamwonyesha ni saa nne kamili asubuhi. Nyumbani walikuwa wawili tu, mke na mume. Simu ya mke, ambayo ndiyo pekee waliyokuwa nayo, ilikuwa imevunjika, fundi akakimbilia simu ya mezani ya duka la jirani akatupigia.

Tumbo lilijaa damu. Tulifika hospitali saa nne na dakika hamsini na tatu, naye akafa kwenye meza ya upasuaji. Daktari wa zamu akaichukua karatasi yangu ya safari akaisoma: simu iliingia saa nne na thelathini na tatu. Akamgeukia fundi. "Bwana, mke ameanguka saa nne. Nusu saa nzima ulikuwa wapi?" Fundi akasema alipiga papo hapo. Daktari akamwonyesha karatasi. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nimeshika mpini wa machela.

Dada wa marehemu hajazungumza naye tangu siku ile. Hata mtoto wao wa kike alimchukua akamlea yeye. Na fundi mwenyewe, nasikia, siku hizi akiulizwa husema labda alichanganyikiwa, labda alikaa bila kujua.

Daftari la Bwana Subiri linasema hivi: gari la wagonjwa limesimama saa nne na robo, limefunguliwa saa nne na arobaini na saba. Saa nne na robo nilikuwa naye tayari ndani ya gari, mwanangu. Kwenda kwake, kumpakia na kurudi mpaka getini si chini ya dakika kumi na mbili. Mtu yule alipiga simu ndani ya dakika tatu.

Niambie nifanye nini.

Baba yako


Tarehe 14 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo. Madaftari yamefika. Muuguzi ameyapitia mara mbili. Hizo sitini na moja zimeingia kwenye utafiti, zikiwa na maelezo ya zilikotoka. Zile mia na hamsini na moja zilizobaki tumezitupa. Amesema nikuambie mabawa ameyafuta.

Kuhusu fundi, sheria za utafiti zinanifunga mdomo. Siruhusiwi kumtafuta mgonjwa wala jamaa yake kwa jambo nililolikuta kitabuni. Nimeomba kamati ya maadili iamue, wameniambia nijaze fomu. Nimejaza. Wameniambia ni fomu ya zamani. Nimejaza mpya. Sasa anayeipokea yuko likizo.

Lakini wewe hukumsoma kitabuni. Wewe ulikuwepo.

Unaniuliza ufanye nini. Baba, una umri wa miaka sitini na nane na unalijua jibu tangu siku ulipoandika ile karatasi. Usinitwike mimi.

Binti yako


Tarehe 4 Juni

Kwa Baba,

Shikamoo. Wiki tatu sijapata jibu lako. Mama nimempigia, anasema u mzima ila huli vizuri. Nilikuandikia kwa ukali. Sirudi nyuma katika nililosema, ila ningeweza kulisema taratibu.

Kamati ya sindano imekutana. Saa moja nzima walibishana nani atunze ufunguo wa kabati la sindano. Nilitamani kujichoma mwenyewe. Mwishowe wamekubali: sindano itajaribiwa kwenye magari ya vituo vinne, na cha reli kimo. Waliposoma saa za getini za zile safari sitini na moja, mzee mmoja aliyekuwa anasinzia akaomba zirudiwe. Gari la kukaa upande wa pili wa reli wamesema watalifikiria. Ninajua maana ya kufikiria kwao, nitarudi kuwasumbua.

Niandikie, hata mstari mmoja.

Binti yako


Tarehe 17 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Hukuniandikia kwa ukali kupita kiasi. Nilikaa kimya kwa sababu kila siku nilikuwa navaa viatu kwenda posta, nafika kwenye kona, narudi. Mara tisa. Mama yako alihesabu.

Jumatatu nimefika. Fundi alikuwa anashona soli. Akadhani nimeleta kiatu. Nikamwambia mimi ndiye dereva wa siku ile, akasema ananikumbuka, nilimbeba mkewe kwa upole. Hapo karibu nigeuke.

Nikamwambia yote. Saa ya simu niliitunga. Getini tulisimama dakika thelathini na mbili. Yeye hakuchelewa. Nikamwekea mbele nakala ya ukurasa wa daftari.

Hakupandisha sauti. Aliusoma kwa kidole, mstari mmoja mmoja. Kisha akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia." Mara ya nne akavua aproni, akafunga kibanda. "Sasa twende ukarudie kwa shemeji yangu."

Tulitembea mpaka kwake. Shemeji yake alifungua mlango, akamwona yeye, akataka kuufunga. Mimi nikaweka mkono. Nikasema pale pale mlangoni, kwa sauti, kwa vile sijui siku hizi naongea kwa sauti gani. Binti wa fundi akatokea nyuma ya mlezi wake, msichana mrefu wa miaka kumi na sita, akasikia yote.

Yule mama aliniuliza jambo moja tu: "Siku ile hospitali, alipokuwa anaulizwa, wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Nikamwambia, "Karibu naye."

Akanitukana, mwanangu. Matusi niliyomtukana Bwana Subiri miaka yote ile hayafiki hata robo. Nikayapokea. Akaniambia nitoke uani kwake nisirudi tena. Nikatoka. Fundi naye akageuka anifuate, kwa mazoea nadhani, na yule mama akamwambia, "Wewe unakwenda wapi? Ingia."

Nilimngoja nje ya ua, ng'ambo ya barabara, karibu saa nzima. Hakutoka. Nikarudi nyumbani peke yangu.

Baba yako