Ufa kwenye Pembe ya Dirisha

Kolwezi, Manika, 9 Septemba 2024

Mutoto yangu Mignonne,

Jambo mingi. Uko muzuri? Baridi ya huko Ulaya imeanza? Mi niko, nguvu iko, goti tu inasumbua nikipiga magoti kanisani, lakini Mungu anaelewa.

Stéphanie wa kwaya ndiye atapiga picha karatasi hii na kukutumia. Anataka niseme tu kwa simu. Mi sipendi, sauti inapita na barua inabaki.

Tangu umeandika kwamba umekata tiketi ya Noeli, nacheka peke yangu jikoni. Chumba yako nimepaka rangi. Nimeshona pazia mpya ya kitenge, ile ya kijani uliyopenda, Stéphanie atakutumia na picha ya pazia. Watu wanauliza unafanya nini huko. Nikisema unapima nguvu ya meli wanashangaa, huku maji makubwa ni ziwa ya Nzilo tu. Nawaambia: shaba inayopita na malori mbele ya mlango wetu, siku moja inapanda meli, na mutoto yangu ndiye anaangalia isikatike katikati.

Nakungoja. Hata nyumba inakungoja.

Mama yako, Agnès


Saint-Nazaire, 12 Septemba 2024

Mama mpenzi,

Nakusalimu sana. Goti likande kwa maji ya moto, usilionee haya. Mimi mzima. Jumapili nilikula sombe ya majani ya muhogo kwa mama mmoja wa Likasi anayeishi hapa, nikalia mezani kama mtoto.

Pazia ni zuri. Lakini picha ile nimeikuza mara nyingi, na si kwa ajili ya pazia. Kuna ufa unaanza pembe ya chini ya dirisha na kushuka mshazari. Rangi mpya imeufunika kidogo tu.

Ngoja nikueleze kazi yangu. Meli ndefu hailali juu ya maji sawasawa. Kuna wakati mawimbi yanaibeba kichwa na mkia, katikati hakuna kitu, na tumbo lake linataka kushuka. Baadaye wimbi linakuja katikati na kuliinua. Chuma kinavutwa na kubanwa bila kupumzika. Kikichoka, kinapasuka kwanza penye pembe kali za matundu, ndiyo maana pembe hizo tunazichora za mviringo. Ufa wa namna ile nauona kila siku kazini.

Nyumba haipandi mawimbi, Mama. Nini kimeondoka chini yake? Usinifiche.

Mtoto wako, Mignonne


Kolwezi, 30 Septemba 2024

Mutoto yangu,

Jambo. Unakula? Picha yako inaonyesha shingo tu. Mi niko.

Nakutumia pazia, unanijibu na meli. Masomo imekuingia sana.

Sitakuficha. Jirani, Tata Kalumba, alifungua shimo ndani ya nyumba yake, chini ya turubai. Batoto wanachimba madini humo. Saa ya kusonga bukari nasikia wanapiga chini ya miguu yangu, chungu inatikisika. Nilienda kumwona. Akasema: «Mama Agnès, shiye tunapita chini ya barabara. Ku nyumba yako hatuyafika.» Lakini mi nasikia mahali sauti inatoka.

Mujomba yako Stany anafundisha bado Musumba, anataka niende kukaa kwake. Nikienda, Noeli utafikia wapi? Utapiga hodi kwa nani? Nyumba hii tata yako, bwana yangu, alijenga kwa mikono kabla ya kufa. Mi nabaki mpaka uingie. Kisha tutaona.

Mama yako


Saint-Nazaire, 2 Oktoba 2024

Mama,

Nakusalimu, na leo nakuomba kwa magoti yangu mawili yaliyo mazima.

Nenda Musumba sasa. Kama hutaki, basi fanya hivi: kata ukanda wa karatasi, ubandike kwa uji wa muhogo juu ya ufa, ushike upande huu na upande ule. Karatasi haijui kuvutika. Siku itakayopasuka, hata kama bukari iko motoni, toka.

Nina hamu ya nyumba ile, Mama. Naota mpaka harufu ya makaa yake. Lakini hamu kubwa ni ya mtu aliye ndani.

Mtoto wako, Mignonne


Kolwezi, 11 Novemba 2024

Mutoto yangu,

Jambo. Habari ya siku zote hizi? Usikasirike nimenyamaza.

Karatasi ilipasuka. Nilibandika ingine, ikapasuka, nikabandika tena. Mvua imeanza. Mlango wa chumba yako haufungiki, nimeuacha wazi. Stéphanie hakubali tena kuingia, barua hii ameipigia picha barabarani.

Najua utasema nini. Lakini Noeli iko karibu. Nikifunga macho nakuona unaingia na valizi mkononi, unalalamika juu ya vumbi. Miaka yote hii nimeishi na picha hiyo. Nitatokaje sasa?

Mama yako


Saint-Nazaire, 12 Novemba 2024

Mama,

Leo sikuulizi habari.

Sitakuja Noeli. Kuna meli ambayo lazima tuikague, mkuu wangu amekataa ruhusa, tiketi nimeirudisha. Pasaka pia usiihesabu. Hakuna mtu anayekuja kulala katika chumba hicho, kwa hiyo usimngoje ndani yake.

Nenda kwa mjomba.

Mignonne


Musumba, 5 Desemba 2024

Mutoto yangu,

Jambo kutoka kwa mujomba Stany na muke yake. Uko muzuri? Mi nimefika, goti imevimba na safari.

Barua yako iliniuma mwili mzima. Nilikaa juu ya kitanda yako, nikajiuliza, sasa nangoja nani? Kesho yake nikafunga bitu yangu, Ngoy wa lori akanibeba.

Stéphanie amepiga simu: Jumapili iliyopita nyumba imeanguka. Jikoni na chumba yako biliingia chini, ukuta wa mbele tu umesimama. Batoto ba shimo walikuwa wamepumzika siku hiyo, hakuna aliyekufa.

Sina hasira na wewe, kazi ni kazi. Nilidhani hamu itabaki kule na nyumba. Imenifuata mpaka huku. Pazia nilibeba. Dirisha ya hapa ni ndogo, pazia inafika chini, basi nimeikunja chini ya mto.

Mama yako, Agnès


Kolwezi, 20 Desemba 2024

Mama yangu mpenzi,

Jambo. Goti limepungua? Mimi mzima, nimechoka na safari tu. Tazama tena juu ya barua, usome mahali niliposimama kuiandika.

Tiketi sikuirudisha. Mkuu wangu hakukataa kitu. Nilijua hutatoka humo ukiwa na mtu wa kumngoja, basi nikamwondoa mtu huyo. Halafu nikakaa siku zote hizi najua unanililia, na nisiweze kusema, nikihofia utarudi kunipokea.

Nimefika mbele ya ukuta wetu. Tata Kalumba alikuja kusimama kando yangu, akavua kofia. Nilidhani nitaumia zaidi.

Kesho napanda gari la Musumba. Wanasema njia ni matope matupu, tutafika siku tutakayofika. Mwambie mjomba asome barua hii kwa sauti, halafu tundika pazia. Acha liburute chini, nitalipunguza nikifika.

Mtoto wako, Mignonne