Redio za Ruponda na Nafasi Kando ya Baba

Ruponda, Nachingwea

Mdogo wangu mpendwa Namkunda,

Nakusalimu kutoka huku kusini, nikitumaini goti lako limetulia na baridi ya milimani haikusumbui kifua. Mimi pumzi zimekuwa fupi. Kwenye simu nachoka kabla sijafika kwenye neno lenyewe, nawe huanza kulia; ndiyo maana naandika, nikipumzika kila baada ya mistari michache. Mganga wa zahanati ya Mnero ameniambia bila kuzunguka kwamba moyo umechoka. Sikushangaa.

Mwanao Elisante amepiga simu. Anasema anakuja na gari kunichukua, nife nyumbani Upareni na nizikwe kando ya baba. Kabla hajaondoka, nisome hadi mwisho.

Nilikuja huku kufundisha fizikia. Nilipostaafu mlinisubiri, nami nikawaambia barabara mbovu, mara mgongo unauma, mara nangoja mvua zipite. Ukweli ni kwamba sikutaka kuondoka. Nilikuwa na kazi.

Huku ndovu huingia mashambani, na kule bondeni simu hazishiki mtandao. Watu wa mradi mmoja wa barabara walipomaliza shughuli zao walikiachia kijiji redio za mkononi, zile za kubonyeza ndipo useme, ili walinzi wa mashamba waonyane; kuzitengeneza kukawa kazi yangu. Zilikuwa kuukuu hata wakati huo. Kila mtu alisema hazitamaliza msimu. Zimeona wenyeviti wa kijiji wakiingia na kutoka, nazo bado zinasema.

Ningependa uzione. Gamba lake ni nene kama kwato. Moja ilianguka kutoka juu ya dungu la mlinzi, ikagonga jiwe, ikaendelea kuongea. Nyingine ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho. Niliifungua, nikaisuuza kwa maji safi, nikaianika kivulini mpaka ikakauka kabisa, ikapona, ingawa sauti yake ilibaki kama ya mtu mwenye mafua. Kinachoziua ni vitu vidogo. Betri huchoka kwanza, na ikivuja huacha kutu ya kijani pale inapogusana na redio. Watu husema imekufa, kumbe inataka kusuguliwa kwa msasa laini tu. Raba ya kitufe cha kusemea hupasuka, vumbi likaingia. Na antena! Walinzi walikuwa wakizibeba kwa antena, kama mtu aliyemshika panya buku mkia. Shina linalegea, hawasikilizani, halafu lawama kwangu.

Kulikuwa na kosa jingine, na hilo nadhani lingetokea huku tu. Kwa jirani zangu Wamwera, humwambii mtu jambo kabla hujamsalimia sawasawa. Jioni moja Mzee Chilumba, mlinzi wa upande wa bondeni, akaita. Alikishikilia kitufe, na mwenzako akishikilia kitufe wewe huna la kufanya ila kusikiliza.

"Mwalimu, habari za huko? Mama hajambo? Wajukuu je? Mihogo imekauka? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu."

Alipoachia tu nikamuuliza, "Mzee, kuna nini?"

"Kuna ndovu."

"Wako wapi?"

"Walikuwa kwangu. Sasa nadhani wako kwako."

Walikuwa kwangu kweli, ndani ya mahindi. Wifi yako Somoe, mtu wa Malolo kule Ruangwa, alipiga sufuria kuwafukuza huku akicheka mpaka machozi. Kesho yake nikawakusanya walinzi: ndovu kwanza, salamu baadaye. Chilumba akakataa. "Kwa hiyo nikufokee kama mbwa?" Tulibishana sana, mwisho tukakubaliana aseme "Hodi, ndovu!" kwa pumzi moja. Ndivyo wanavyoita wote mpaka leo, na vijana wanaokuja likizo kutoka Dar huwacheka.

Tangu hapo hajakanyagwa mtu upande wetu. Nina vyeti, lakini hili ndilo ninalojivunia. Juzi Halima, binti yake Chilumba, ambaye sasa naye ni mlinzi, aliifungua redio mbele ya kitanda changu, akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akaziba kitufe, akaifunga, akaijaribu. Hakuniuliza neno. Nilitamani aniulize, lakini nilifurahi zaidi kwamba hakuwa na haja.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nataka nizikwe hapa, nyuma ya nyumba yangu. Somoe amekubali. Majirani ni Waislamu nami Mkristo, lakini wamesema kaburi watachimba wao.

Najua mila yetu: mwana wa kwanza hulala kando ya baba. Najua pia ukoo ulikuambia nini uliporudi kutoka kwenye ndoa, kwamba binti akishaolewa hana mahali pa kuzikwa shambani kwa baba yake. Wewe uliyemlisha baba uji kwa kijiko. Wewe uliyemfumba mama macho, mimi nikiwa huku na bisibisi mkononi. Nafasi ile ni yangu, nami nakupa wewe. Siku yako ikifika, Mungu aicheleweshe, ulale kando ya baba.

Waite wazee wa ukoo, uwasomee barua hii upesi, ningali hai, ili mwenye kubisha anipigie mimi. Pumzi ya kumjibu ninayo.

Nisalimie shangazi yetu aliyebaki, mjane wa baba mdogo, na mchungaji mstaafu, jirani yako. Elisante mwambie gari alijaze watu, waje kunitazama, wasije kunibeba. Somoe anakusalimu, anasema wifi yake akija bila magimbi atalala nje.

Njoo na wewe, Namkunda, kwa goti hilohilo. Nataka nikuone ukiwa umeshawaambia.

Ni mimi, kaka yako niliyeridhika,

Eliamani