Nimewanywesha Panya Dawa Isiyo Yao

Mpendwa dada mshauri, naandika mtoto akiwa amenilalia mapajani, nisaidie kabla ya Ijumaa maana hili nimechoka kulibeba. Mimi ni mhudumu wa panya katika maabara, nasafisha vizimba, najaza chupa za maji na kupima unene wa miguu yao kila asubuhi, na hao panya wamechomwa sindano inayofanya kinga ya mwili iwageukie na kushambulia viungo vyao wenyewe, halafu nusu wanapewa maji yenye dawa ionekane kama uvimbe utapungua, nusu maji matupu. Sasa binti yangu wa miaka mitano ana ugonjwa wa namna hiyohiyo, magoti yanavimba mpaka nambeba kumpeleka chooni, na wale wa kizimba cha nne, cha maji matupu, walikuwa wanajikokota kama yeye. Wiki ya kwanza nilivumilia, ya pili nikashindwa, nikawamiminia kidogo kutoka kwenye jagi la dawa, kisha nikaona si haki kuwabagua wenzao wa vizimba vingine vya maji matupu, nikawapa wote. Wakaanza kukimbia, nami nikafurahi kama mjinga. Jana daktari mkuu kaangalia vipimo, akavua miwani: "Wote wamepona, hata wa maji matupu. Basi uvimbe umeisha wenyewe, dawa haina lake hapa. Ijumaa tunafunga utafiti huu." Haina lake! Mume wangu nilipomwambia alicheka hadi chai ikampalia: "Yaani mke wangu, umewaonea huruma panya?" Dada yangu naye anasema nifunge mdomo nisifukuzwe. Nifanyeje?

Mama Magoti

Mama Magoti, pole kwa mtoto, na pole kwa mgongo wako. Pole zimeisha, sasa nisikilize.

Hivi, mwenzangu, uliwaza nini? Wale wa maji matupu ndio waliokuwa waonyeshe mgonjwa anakuwaje bila dawa. Umewanywesha, sasa nani aonyeshe? Huruma yako inakaribia kuizika dawa ambayo siku moja ingemfikia hata mwanao.

Mumeo mwambie acheke vizuri akishambeba mtoto chooni. Dada yako anailinda kazi yako, sawa, ila magoti si yake.

Na hilo jagi: kama limewahi kukupitia akilini kwa ajili ya binti, liondoe kabisa. Mtoto ana daktari wake.

Kesho, kabla hujagusa chupa hata moja, andika kwenye karatasi: tarehe uliyoanza, vizimba vipi, kiasi gani. Mkute daktari mkuu peke yake. Usianze na machozi wala habari za mtoto, anza na tarehe. Mwambie pia maumivu ya wale panya yanakushinda. Yanaombewa nafuu kwa kusema, si kwa kumimina kwa siri. Anaweza kukufukuza, sikudanganyi. Anaweza pia kukasirika, kisha akaanza upya.

Lakini ile miguu uliipima mwenyewe kila asubuhi. Akiweka vipimo vyako kando ya karatasi yako, ataona walianza kukimbia siku gani. Karatasi hiyo hakuna mwingine wa kuiandika. Mlaze mtoto, chukua kalamu.